Mbao Mbili za Ukuta wa Mtoni

Kwa miaka ishirini na sita Arletta Pascoe aliwapandisha watu mlimani kwenda kupiga picha kinu cha Hadley, na katika maelfu ya picha hizo yeye hayumo hata katika moja. Alikuwa upande wa pili wa kamera, amewashikia makoti, chupa za kahawa na kamba za mbwa. Wakimaliza walimwuliza kama kuna choo.

Kutoka kijiji cha Larkin hadi kinuni ni maili sita. Maili hizo zilikula saa mbili nzima, na gari ambalo halikuzaliwa kwa ajili ya mawe lilirudi limeacha kiungo njiani, bomba la moshi au kioo cha pembeni. Gari la Arletta lilikuwa jipu la kijani, limezeeka naye, mlango wake wa nyuma umefungwa kwa mkanda wa suruali. Kabla ya kupanda alipunguza upepo kwenye matairi yote manne mpaka yakalegea kama mashavu ya bibi kizee, akatia gia nzito, na baada ya hapo hakuwa na haraka na mtu.

Kinu kilikaa juu ya mwamba, maporomoko yakipita ubavuni mwake. Maji hayo ndiyo yaliyoendesha nyundo za kuponda mawe ya fedha enzi zile. Fedha ikaisha kabla mama yake Arletta hajazaliwa. Wachimbaji wakaondoka, babu yake akabaki kwa kuwa hakuwa na nauli, na kinu kikabaki kwa kuwa hakuna aliyekitaka. Sasa kilikuwa kwenye kalenda, kwenye makopo ya biskuti, kwenye kuta za vyumba vya kungojea daktari wa meno. Mwishoni mwa Septemba, majani ya miti ya aspeni yakigeuka manjano kama kiini cha yai, magari yalijaa Larkin tangu asubuhi, na kila aliyeshuka garini alitaka picha ileile aliyokwisha kuiona.

Walioiwezesha picha hiyo walikuwa Royce, mume wa Arletta, na rafiki yake Gus Zadnik, mwenye kituo cha mafuta. Kila Februari wanaume hao wawili walivaa viatu vipana vya kutembelea juu ya theluji, wakapanda na makoleo mgongoni, wakakipunguzia kinu mzigo wa theluji ya paani. Na kila Mei, kabla wageni hawajaanza kuja, Royce aliziba mapengo ya ukutani kwa mbao za kijivu alizozichomoa kwenye mabanda yaliyoanguka. Misumari aliiloweka kwenye siki na chumvi ndani ya kopo la kahawa mpaka ikashika kutu.

"Msumari mpya kwenye ukuta ule," alikuwa akisema, "ni kama jino la dhahabu kinywani mwa maiti."

Hakuna aliyewatuma. Wenye kinu walikuwa warithi fulani wa pwani ya mbali ambao hawakuwahi kukiona wala kujibu barua. Lakini ndivyo watu wa Larkin walivyolelewa: mgeni huonyeshwa sebule, anayekohoa huwekwa chumba cha nyuma. Wahenga wana neno lao juu ya mficha maradhi, ila wahenga hawakuwahi kuishi kwa kuuza kadi za posta.

Royce alikufa. Kijiji kizima kilitabiri kwamba ataanguka kutoka kwenye paa lile, yeye akafia kitini, kijiko mkononi, supu bado ina moto. Mwaka uliofuata Gus akawekewa nyonga ya chuma. Theluji ikakaa paani majira mawili ya baridi bila wa kuiondoa, na Arletta, alipoingia kinuni na tochi mwezi wa Mei, akakuta boriti kuu imepasuka ufa unaomeza kiganja cha mkono. Alimwambia Gus peke yake.

Walikaa mezani kwa Gus wakaandika barua kwa ofisi ya majengo ya kale ya jimbo, ambayo kila mwaka huchagua jengo moja likakarabatiwa lote, kuanzia msingi. Waliandika miaka miwili. Mwaka wa tatu jibu likaja: mkaguzi atafika na kamera tarehe ishirini na nne Septemba, na kamati itaamua kwa picha zake. Kinu kilichobaki na boriti moja iliyopasuka hakikuwa na mwaka wa nne. Wote wawili walilijua hilo bila kuambiana.

Siku moja kabla ya mkaguzi, Arletta alisimama kituoni kutia mafuta. Gus akatoka na fimbo yake.

"Shemeji, nakujua. Huko juu usiguse kitu."

"Naenda kuangalia barabara tu. Mvua ya juzi imeshusha mawe."

"Na hizo mbao nyuma ya jipu ni za kuangalia barabara?"

"Zimo humo tangu Mei, Gus. Nazo unazionea wivu?"

"Basi zikae mpaka Mei nyingine. Nisikilize. Upepo wa Jumapili umeng'oa mbao mbili ukuta wa mtoni. Nimepanda jana, nimeliona tundu lenyewe. Ukisimama pale wanaposimama wapiga picha wote, unaiona boriti mpaka ndani, imepasuka kama mkate. Miaka mitatu tunaandika barua, na sasa upepo umetuandikia iliyo bora kuliko zote."

"Nimesikia."

"Sema, sitagusa."

"Mimi si mtoto."

"Mtoto angesema."

Arletta alicheka, akawasha gari. Gus hakucheka. Aliligonga boneti kwa fimbo mara mbili, kama mtu anayempiga farasi ili aende.

Barabara haikuwa mbaya. Alishuka mara tatu kusukuma mawe pembeni. Alipofika, jua lilikuwa limegeukia ukuta wa mtoni, na kweli, tundu lilikuwepo. Kinu chote kilionekana kama mzee aliyetolewa meno ya bandia mbele za watu. Alikaa kwenye jipu akala pasti yake, mkate wa nyama na viazi ambao ukoo wao umekuwa ukiubeba tangu zama za mashimo ya fedha, na wala hakuuonja. Aliliangalia tundu. Kesho mgeni kutoka mji mkuu atalipiga picha. Watu kumi na wawili wa kamati, wasiowahi kufika Larkin, watalipitisha mkono kwa mkono juu ya meza ndefu.

Alimkumbuka mama yake. Babu alipokuwa mgonjwa kitandani, kila daktari alipokuja, mama alimwosha mzee uso, akamchana nywele, akamfunika shuka safi mpaka shingoni. Daktari akasema mzee anaendelea vizuri. Mama akamshukuru daktari, akampa keki aende nayo.

Ubao mmoja tu, Arletta alijiambia, ili mvua isiingie. Alivaa mabuti marefu ya wavuvi, akashika kamba ambayo Royce aliifunga mwamba kwa mwamba tangu mafuriko yachukue daraja la miguu, akavuka. Mto wa Septemba ulimfika mapajani. Alipoupigilia ubao wa kwanza, pengo lililobaki likaonekana baya kuliko lilivyokuwa mwanzo, kama kazi ya mtu mvivu. Akarudi kuchukua wa pili. Katika kopo la kahawa ilikuwa imebaki misumari minane ya Royce. Aliitumia yote.

Kisha alivuka tena, akasimama mahali wanaposimama wote, akatazama. Kinu kilikuwa kilekile cha kalenda. Alijisikia vizuri, na hilo ndilo jambo ambalo baadaye hakuweza kulisamehe.

Mkaguzi aliitwa Kirsten Aldous, binti wa miaka kama thelathini, mpole, mwenye kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe. Aliacha gari lake dogo kijijini akapanda jipu. Maili ya kwanza alizungumza sana. Maili ya tatu alinyamaza. Walipoingia sehemu ambayo madereva wanaiita Rafu, kwa kuwa imechongwa ubavuni mwa jabali kama rafu ya vyombo, na upande mmoja hauna kitu ila hewa, alishika mkanda kwa mikono yote miwili.

Katikati ya Rafu wakakutana na gari kubwa jeupe likishuka.

Sheria ya huko inajulikana na kila aliyenyonyeshwa Larkin: anayepanda ndiye mwenye njia, anayeshuka anarudi rivasi mpaka kwenye kipanuzi, pale barabara inapopanuka magari yapishane. Arletta alisimama akangoja. Mwanamume mwenye miwani ya jua akachungulia dirishani.

"Mama, rudi nyuma wewe! Mimi hapa siwezi kurudi!"

"Kipanuzi kiko nyuma yako, hatua thelathini. Anayepanda ndiye mwenye njia."

"Nani kasema?"

"Muulize aliye chini kule. Gari lake bado linaonekana ukichungulia."

"Mke wangu analia humu ndani!"

"Mwambie alie kimyakimya, wewe utazame kioo."

Lakini mtu yule alikuwa amekufa ganzi, mikono yake imeganda kwenye usukani, na Arletta aliitambua ile rangi ya uso. Alitoa kichwa nje, akarudisha jipu nyuma hatua mia mbili, gurudumu moja likikanyaga ukingo, kokoto zikidondoka bila kusikika zikifika. Gari jeupe likapita. Mwenye miwani akapata tena sauti yake.

"Na kinu chenyewe nilichokiona, kina thamani ya taabu yote hii?" aliuliza, akaenda zake bila asante.

Kirsten alikuwa mweupe kama chaki. "Kwa nini umempisha? Si haki ilikuwa yako?"

"Haki ilikuwa yangu, mwanangu, ila shimo lilikuwa la wote."

Kinuni binti alishuka, akatembea hatua chache, akasimama. Wageni hawakuwahi kukosa kusimama hapo. Arletta aliwahi kuona wanaume wazima wakivua kofia hapo. Kirsten alifungua miguu ya kamera, akafanya kazi saa nzima, akibadilisha lenzi, akingoja wingu lipite, akiandika kwenye daftari.

"Ningependa kuvuka," alisema. "Ofisi haituruhusu kuingia majini, mambo ya bima. Kwa ndani kukoje?"

"Ndani kuna giza," alisema Arletta.

"Namaanisha hali yake. Kina tatizo lolote kubwa? Barua yenu ilitaja boriti. Lakini kila barua inataja boriti, Bi. Pascoe. Mimi kazi yangu ni kuonyesha kile ambacho lenzi inakiona."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Maneno yalikuwa yamemfika Arletta kooni: kuna tundu nyuma ya mbao mbili zile, nilizipigilia jana, ngoja nivuke nizing'oe. Mabuti yalikuwa kwenye jipu, na nyundo pia. Alifungua mdomo.

Kirsten alikuwa amemgeukia, macho yanang'aa. "Nimekagua majengo arobaini mwaka huu," alisema. "Mengi yametupwa kama mizoga. Hili mtu amelipenda. Sijui ni nani, lakini amefanya kazi ya kutukuka. Natamani nimshike mkono."

Kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kusema hivyo. Si mgeni, si mrithi, si mtu wa kalenda. Royce alikufa bila kulisikia. Arletta aliyahisi maneno yale yakimshuka kifuani kama chai ya moto, akafunga mdomo, akatazama maji.

"Kila cha kale kina matatizo yake," alisema mwishowe. "Hiki kimevumilia."

Binti akaliandika hilo pia.

Barua ilifika Novemba, kituoni kwa Gus, kwa kuwa barua zao zote zilitumia anwani yake. Arletta alikuta ameitandaza juu ya kaunta, na picha kando yake, nzuri kuliko kalenda zote. Kamati ilishukuru sana. Kamati ilifurahishwa na uimara wa jengo na kwa namna ya pekee na mbao asilia za ukuta wa mtoni. Kwa mwaka huu, hata hivyo, msaada umekwenda kwa kinu kingine, cha kusini, ambacho kilikuwa kimelala ubavu na hakingeweza kungoja.

Gus alikuwa na kioo cha kukuzia, kile anachosomea namba za vipuri. Alikisukuma juu ya kaunta.

"Tazama hapo. Ubao wa juu."

"Nimeuona."

"Tazama kwa kioo. Una mstari wa rangi ya buluu. Na pembeni umeng'atwa. Unajua ni meno ya nani hayo?"

Arletta alikiweka kioo chini.

"Ni ya Molly, jike langu la farasi. Alikuwa akiutafuna mlango wa banda kila majira ya baridi kwa upweke. Huo ni mlango wangu, Arletta. Mbao asilia!" Alicheka, na kicheko kikamgeukia kikohozi. "Nilikuomba neno moja. Nilikuomba useme, sitagusa."

"Nilidhani ubao mmoja tu."

"Na wa pili?"

"Mmoja peke yake ulionekana vibaya."

Gus alikirudisha kioo mfukoni. Kisha aliikunja barua, akaikunja tena, akaitia kwenye droo ya vipuri. "Mafuta kiasi gani, Bi. Pascoe?" aliuliza.

Tangu harusi ya Arletta na Royce, Gus alikuwa akimwita shemeji. Arletta alisema ajaze tanki, akaenda kusimama nje kwenye baridi mpaka pampu ikasimama.

Theluji ya mwaka ule ilianza mapema na haikujua kuchoka. Februari Arletta alitwaa koleo la Royce na viatu vyake vipana, akiwa na miaka sitini na mitatu, akapanda peke yake. Alifika mwanzo wa Rafu. Poromoko la theluji lilikuwa limeijaza, hakuna barabara tena, ni mteremko mmoja mweupe kutoka juu ya jabali hadi chini kusikoonekana. Alikaa juu ya koleo akala nusu ya pasti. Kutoka pale kinu hakionekani, lakini siku tulivu maporomoko husikika. Aliyasikiliza. Kisha alishuka.

Hakuna anayejua kinu kilianguka siku gani. Mtu wa kuteleza kwenye theluji alileta habari mwisho wa Machi, akaomba apewe bia ya bure kwa kuwa ndiye wa kwanza kujua. Walimpa.

Arletta alidhani kazi yake imekwisha. Aliandika tangazo la kuuza jipu, akalibandika posta. Lakini ile picha ya Kirsten Aldous, ya mwisho ya kinu kikiwa wima, ilikuwa imetoka ofisini ikaingia magazetini, na Juni simu zikaanza kulia kuliko miaka yote. Watu walitaka kuona kilipokuwa. Alitoa tangazo posta.

Wa kwanza walikuwa mume na mke kutoka Nebraska, wakulima wa mahindi waliostaafu, jina lao Terhune. Kituoni Gus aliwajazia mafuta, akafuta kioo cha mbele, akawatakia wageni safari njema kwa majina yao. "Na wewe pia, Bi. Pascoe," aliongeza.

Juu ya mwamba ilibaki lundo la miti, kama njiti zilizomwagika kwenye kiberiti. Bibi Terhune alisema maskini. Mumewe alitoa picha aliyoikata gazetini, akaishika mbele kwa mkono ulionyooka, akafunga jicho moja, akaisogeza huku na huku mpaka mwamba wa kwenye picha ukakaa sawasawa juu ya mwamba wenyewe.

"Mama, hebu tupige picha na hili gazeti letu," alisema, akampa simu. "Hakikisha na lile lundo linaonekana kwa nyuma. Watu wa kwetu hawataamini."

Arletta aliinua simu. Kwenye kioo chake kidogo aliona nyuso mbili zenye tabasamu, na kati yao, chini kabisa mwa lundo, pale maji yanapolamba jiwe, aliziona mbao mbili. Kila kitu kilikuwa kimevunjika ila hizo. Zilikuwa zimeshikana bado kwenye kipande cha nguzo, misumari minane haijalegea hata mmoja, na ubao wa juu ulikuwa na mstari wa buluu.

"Tayari?" aliuliza Bwana Terhune.

"Bado," alisema Arletta. "Sogeeni kidogo. Wewe, bwana, kushoto. Mama, mkaribie. Hapo hapo."

Walisogea, wakakaribiana, migongo yao mipana ikaziziba mbao zote mbili, na yeye akabonyeza.